Kaka Salehe, Ilikuwa Silinda ya Tatu

Kaka Salehe,

Ulisema kweli. Ilikuwa valvu.

Arobaini yako imepita juzi. Gari bado limesimama uani hapa Mbagala, pale pale lilipoachwa baada ya kuvutwa. Nilikuwa nalikwepa, napita nyuma ya choo nisilione. Jana asubuhi nikachukua ile plagi kuukuu uliyoitoboa ukaifunga mpira wa pampu, nikafanya kama ulivyonifundisha. Nikaipandisha pistoni mpaka juu, nikaweka gia injini isizunguke, mke wangu Asha akapampu, mie nikasikiliza. Silinda ya kwanza ikashika upepo. Ya pili pia. Kwenye ya tatu nikatega sikio kwenye bomba la moshi. Shiii. Upepo wote unatokea huko, valvu haifungi. Asha akauliza kuna nini. Nikamwambia aache kupampu.

Uliisikia wiki nzima kabla. "Idi, injini hii inapumua vibaya. Tuifungue Jumamosi." Nikakwambia ni plagi tu zimechafuka, na Jumamosi tumeahidi kumbeba bibi harusi Kinondoni. Ijumaa ukanikumbusha, nikakataa tena. Gari letu sote wawili, ungeweza kugoma. Ukaniachia niamue mie.

Jumatatu ngiri ikakushika. Unatapika, tumbo limekaza. Tukakulaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Mama. Tulipoanza kupanda kutoka bonde la Mtoni gari likatetemeka, likaishiwa nguvu, likazimika. Nilizungusha hendeli ya kuwashia mpaka kiganja kikachubuka. Ukasema kwa sauti ndogo, "Ni valvu, Idi. Usijichoshe." Basi, hayo tu. Afadhali ungenitukana, kaka.

Tulikufikisha hospitali kwa mkokoteni. Ulikuwa umeshaacha kulalamika, nami, mjinga, nikadhani umepata nafuu. Daktari akasema, "Mngewahi kidogo tu."

Matangani Mama alimwambia kila aliyekuja kwamba siku zako zilifika. Mie nikaitikia. Kila mara nikaitikia. Jana, baada ya ile silinda, nikaenda kumweleza: kwamba ulinionya, kwamba aliyekataa ni mie. Alikuwa anachambua mchele. Hakulia. Akauliza, "Alikwambia mara ngapi?" Nikasema mara mbili. Akaendelea kuchambua.

Leo nimemwamkia shikamoo. Ameitikia, lakini hakunitazama.

Nimefungua kichwa cha injini. Valvu imeungua, ukingo umemeguka kipande kama ukucha. Kidogo hivyo. Nimekaa nayo mkononi, sijui niitupe wapi.

Nitaitengeneza injini. Nakuahidi sitampandisha mtu tena kwenye gari ninalolitilia shaka, awe bibi harusi, awe nani. Na Mama sitamwomba msamaha ili mie nipate kulala. Nitamwamkia kila asubuhi, nimchotee maji, ningoje, hata asiponitazama mpaka naye aje huko ulipo.

Mungu akulaze pema, kaka. Samahani nimechelewa kukusikiliza.

Mdogo wako,
Idi