Jumanne Ilikuwa Kwako

Mama Wambura, ndugu yangu,

Barua zinaanzaga kwa kuulizana hali. Ya kwako naijua, nilikuwepo siku tunakuzika pale nyuma ya zizi, basi nianze na ya kwangu. Mimi ni mzima, ila goti la kulia linanisumbua kama kawaida. Nimekaa mlangoni, kuku wananizunguka, na nimeamua nikwambie yote. Ulikuwaga mtu wa kunikatisha maneno, haya, leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Ulipoondoka, Nyasatu wangu alikuja kunichukua. Alisema, "Mama, sasa huku unabaki na nani?" Baba yake alishatangulia, wadogo zake wote wako mjini, na mtu wangu wa huku ulikuwa wewe. Nikafunga nyumba, nikaenda Musoma, kwake Kitaji.

Kitaji ni pazuri, nisiseme uongo. Maji yako ndani, unafungua tu. Mkwe wangu ana heshima, wajukuu wananipenda, na samaki sato nimekula mpaka nikaona aibu. Lakini wee, kukaa! Si tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Mimi ya tatu ilipita, wiki zikapita, nikapewa rimoti. Asubuhi wote wanatoka, geti linafungwa, nabaki natazama watu wanaolia kwenye makochi. Siku moja tulikwenda sokoni Mukendo na Nyasatu, nikaona fungu la viazi vitamu, vyembamba kama vidole vyangu, na bei yake nusura nigombane na mwenye meza. Mimi, Mama Nyasatu, kununua viazi! Nikajua ungecheka mpaka ushike kiuno. Halafu nikakumbuka sina wa kumsimulia.

Mvua ziliponyesha nilirudi huku, lakini si kwa kukaa. Nilirudi kung'oa mihogo yangu, nimwachie mtu shamba, kisha niende Kitaji moja kwa moja. Ndivyo tulivyokubaliana na Nyasatu. Mihogo nikang'oa, mtu wa kulima nikampata, safari ikawa Jumatano.

Sasa sikia nilichofanya Jumanne. Nimeamka, nimekunywa uji wa mtama, nimechukua jembe, nimekwenda. Sikufikiri hata kidogo. Miaka yote Jumanne tulikuwaga kwako na Jumatano kwangu, miguu ikajiendea yenyewe. Nikaingia kwenye pamba yako, nikashika mstari wa pembeni, nikapalilia mpaka karibu nusu. Kisha nikasema kwa sauti, "We Mama Wambura, leo umelala?" Ndipo nikakumbuka.

Nilikaa palepale chini. Nililia, ndugu yangu, vile sikulia kwenye msiba wako. Msibani kulikuwa na wageni wa kupikia, masufuria ya kuazima, wanakwaya wanaodai chai. Nilie saa ngapi? Nilikumbuka nilivyoletwa hapa kuolewa kutoka Bunda, sijui hata neno moja la Kizanaki, mama mkwe ananikagua kama mbuzi wa mnadani. Ukaja mpakani mwa mashamba yetu na jembe begani, ukaniuliza kwa kile Kiswahili chako cha kuokoteza, "Lugha itakuja. Jembe unalijua?" Jembe nililijua. Ikawa hivyo, kwako, kwangu, kwako, kwangu, tangu siku ile.

Nilipomzaa Nyasatu, Jumatano zangu ulizilima peke yako, na nilipokuja kukushukuru ulinifukuza. Mume wangu alipofariki watu walinipa maneno mengi mazuri ya Biblia, na ninawashukuru. Wewe ulingoja matanga yaishe, watu watawanyike, ukaja kugonga mlango. "Leo Jumatano," ukasema. Basi, hukuongeza hata pole. Siku ile nilikuchukia kweli! Lakini niliamka, nikakufuata, na ndiyo iliyonitoa kitandani. Sikuwahi kukwambia asante, maana ungenicheka. Leo huwezi kunicheka. Asante, Mama Wambura. Asante sana.

Nikiwa nimekaa hivyo na kamasi zangu, akatokea mkamwana wako, Rehema. Unamkumbuka ulivyokuwa unamsema: mtoto wa dukani, anashika jembe kama ameshika nyoka mkiani. Mumewe Wambura alishakwenda Kiabakari na bodaboda yake, kwa hiyo alikuwa peke yake. Nikajua sasa nitaulizwa nafanya nini kwenye shamba la watu. Hakuuliza. Aliniamkia, akapita, akaenda mpaka mwisho wa mstari wangu, akaanza kulima kuja nilipo. Kunipokea! Vilevile kama tulivyokuwa tunafanya, mwenzako akichelewa unaanzia upande wa pili mpaka mkutane katikati. Sijui alijifunza lini. Nadhani alikuwa anatuangalia wakati sisi tuko kwenye kumteta.

Ila kulima, ndugu yangu, bado sana. Alikata miche ya pamba, nyasi akaziacha zimesimama. Nilimwambia, unanijua siwezi kunyamaza. Tulipokutana tukanywa maji kwenye kidumu kimoja, na hapo akaniambia kwamba ulipokuwa unaumwa ulimwambia, "Mama Nyasatu hata wampeleke wapi, Jumanne atakuja." Hivi kwa nini hukuniambia mimi? Ungeniambia mimi ningebisha, najua.

Kesho yake, Jumatano, begi langu liko mlangoni, bodaboda imeshafika, na mimi nimevaa viatu vyangu vya kanisani. Rehema huyo, na jembe. "Shikamoo mama. Leo si kwako?" Kisha akaliona begi. Akashusha jembe begani polepole, akasema, "Nisamehe, sikujua unasafiri." Akageuka.

Dereva anapiga honi, mtoto wa watu anaondoka, mimi nimesimama uwanjani kama kuku aliyelowa. Niliogopa. Nikibaki, nitamvunja moyo mwanangu, na siku goti hili likigoma nitakuwa peke yangu humu ndani. Nikienda, huyu binti atalima peke yake msimu huu, msimu ujao atakata tamaa, na Wambura atalikodisha shamba lako. Nikamwona mgongo anavyokwenda. Nikajiona mimi nilivyokuja kutoka Bunda, na mpakani hakuna mtu.

"We Rehema! Unakwenda wapi? Nisubiri nivue hivi viatu."

Dereva alinuna, nikampa mihogo akanyamaza. Nyasatu ndiye kazi. Nilimpigia jioni, akalia. "Mama, kwani kwangu umekosa nini?" Inaniuma mpaka leo. Nilimwambia kwake sikukosa kitu, kwake nimepata kila kitu isipokuwa kazi ya kuamkia, na mimi bila hiyo nazeeka kabla ya siku zangu. Hakuelewa. Alikata simu. Kesho yake alipiga mwenyewe, hakutaja safari hata kidogo, aliuliza goti linaendeleaje na kama nimekula. Namshukuru Mungu kwa mtoto huyu. Krismasi nitakwenda kumwona, na nitampelekea viazi.

Hayo ndiyo ya huku. Mtama umetoka vizuri, ndege wameanza uchokozi wao. Wambura hajambo, amekonda kidogo, ila anakula. Nyumba yako inafagiliwa.

Nakuaga sasa, rafiki yangu, maana mkono wangu umezoea mpini, kalamu unaionea. Nilikuwa nafikiri nitakulilia mpaka nikufuate. Kumbe nikikukumbuka sasa mara nyingi ni kicheko kinaanza, machozi yanakuja nyuma. Mungu alinipa mtu, akaniachia miaka mingi nimfaidi. Sina la kudai.

Nina la kukuahidi. Rehema nitamfundisha mpaka pamba iache kumwogopa. Siku goti likinishinda nitakaa mpakani nimpigie kelele, kelele bado ninazo. Wewe pumzika, umelima vya kutosha. Kesho ni Jumanne. Tutaingia shambani kwako mapema, mimi na mwenzangu.

Wako,
Mama Nyasatu