Boga Alilolinyooshea Karanja Kidole

Mama yangu,

Juzi binti mmoja sokoni Nakuru aliniuzia maboga ya duara, mabichi, madogo kama ngumi. Akayaita kojeti, akaanza kunifundisha kuyapika. Nikamwacha aseme wee mpaka akachoka. Mimi kwa mawazo nilisharudi Bahati, kwenye kile kipande chetu cha shamba nyuma ya nyumba za wafanyakazi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Baba yuko kizuizini, nawe ukichuma pareto ya mzungu kutwa nzima. Mpishi wake alikupa mbegu bapa, nyeupe, akasema ni za boga la Uzunguni. Ukazifukia kwenye samadi kando ya ukuta. Mama, vile zilivyotoka! Leo udongo umepasuka, kesho kuna vijani viwili, na kabla hatujazoea, majani yamekuwa mapana kuliko kifua changu. Wala hayakutambaa kama maboga yetu. Yalikaa pale pale yakinenepa, nami nikawa naenda kuyatazama kabla hata ya kunawa uso.

Wakati huo ndugu yangu mdogo, Karanja, alikuwa ametoka kwenye surua na amekataa chakula. Uji alitema, ugali aliugeuzia uso. Mbavu zilihesabika. Ulikuwa ukimshika mkono, halafu unatoka nje ili asikuone macho. Nilijua unaogopa kumzika.

Asubuhi moja ulimbeba mgongoni aote jua. Akaona boga dogo chini ya majani, akalinyooshea kidole. Nikaruka kuukunja mkono wake, lakini wapi. Kwetu nani hajui kwamba boga changa likinyooshewa kidole linaoza? Huonyeshwa kwa ngumi. Nasi tulikuwa tunayangoja yakomae, yawe magumu ya kuwekwa ghalani.

"Basi hilo limekwisha," ukasema, umeudhika kidogo. "Kuliko lioze, tulile."

Ulilikata juu ukapata kifuniko, ukakwangua ndani, ukajaza kiazi kilichopondwa, kitunguu na maziwa kidogo. Ukalifunika tena, ukalipika taratibu kwa maji kidogo mpaka likalainika. Ukamwekea mbele yake.

"Hili ni lako. Wewe ndiye uliyeliharibu."

Akafunua, akachungulia. Akala kilichokuwamo, kisha akala na boga lenyewe, ganda na yote. Akauliza, "Lingine?"

Uliketi chini palepale jikoni ukalia waziwazi, nami nikalia kwa kuwa wewe unalia.

Na lile shina, badala ya kununa, likafungua maua mengine. Kila tulipochuma changa, likaongeza. Karanja tukamwacha anyooshe kidole atakavyo.

Nimesoma, nimefundisha watoto wa watu, nimezeeka, na bado sielewi. Nikiweka mbegu kama ile kiganjani, ndogo kuliko ukucha wangu, mwili unanisisimka. Uhai wa ndugu yangu ulikuwa humo, na wewe hukujua, ulipanda tu.

Mama, siku ile ya mwisho hukuona waliokubeba, kwa hiyo nakwambia. Aliyebeba upande wa mbele wa jeneza lako alikuwa mzee wa mvi, mabega mapana, aliyekataa kupokewa mpaka kaburini. Alikuwa Karanja. Yule uliyeogopa kumzika ndiye aliyekuzika.

Pumzika sasa.

Ni mimi, kifungua mimba wako