Wamenifanya Mtu wa Mvua

Karibu na Nyarugusu, Geita
Jumapili

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia juzi, imekunjamana na inanuka samaki, maana ilisafiri ndani ya kikapu cha mchuuzi kutoka Geita. Nimefurahi kusikia kwamba shemeji hajambo na mguu wako umeacha kuvimba. Mimi mwili ni mzima, nakula, na sauti ya kufokea wanafunzi ninayo. La baba ndilo lililonikata maini. Unasema hawezi tena kujigeuza kitandani, na kila mlango ukilia anauliza, "Salehe huyo?" Unaniuliza nina moyo gani, miezi minne sasa tangu uniite. Nitukane utakavyo, dada, lakini malizia kwanza kusoma. Nimezuiwa huku.

Sijafungwa jela, wala sina kesi na mtu. Unajua kwamba nilipotoka jeshini nilisomea ualimu, nikapangiwa shule hii ya msingi, mahali ambapo nusu ya wazazi wanalima pamba na nusu wanachimba dhahabu kwa sururu na karai. Siku ya kwanza mwalimu mkuu alinitambulisha kwamba huyu alikuwa rubani wa ndege za jeshi, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Haukupita muda, nikiwa nafundisha jiografia, nikachungulia dirishani nikaona wingu upande wa ziwa, limesimama wima, kichwani limekaa bapa kama fuawe la mhunzi. Rubani yeyote analijua wingu la namna hiyo. Nikawaambia watoto wafunge vitabu wakimbie makwao, mvua ya mawe inakuja. Ikaja kweli. Paa la ghala la pamba liling'oka, lakini hakuna mtoto aliyeumia.

Wiki iliyofuata Mzee Masanja, mwenyekiti wa kijiji, akaja kuniuliza kama wapande sasa au wangoje. Mimi na kiherehere changu nikatazama upepo, nikamwambia ngojeni siku kumi. Ikawa hivyo hivyo. Unanijua ninavyopenda kusifiwa. Ningesema "sijui" siku ile, leo ningekuwa nimekaa kando ya kitanda cha baba.

Huku mvua haiachwi ijiendee tu. Tangu zamani ina mtu wake, anayetunzwa na kijiji kizima, na wa kijiji hiki alikufa kabla sijafika bila kumwachia mtu kazi. Sikuambiwa. Niliona tu maziwa mlangoni kila asubuhi, shamba langu limelimwa bila mimi kuomba, na wanawake wakipiga magoti kunisalimu, mimi niliye sawa na wana wao. Nikadhani ndio ukarimu wa Wasukuma. Siku moja wakaniletea kondoo mweusi na kaniki mpya. Kondoo nikamchinja tukamla na walimu wenzangu, kaniki nikaifanya pazia. Kumbe kwao aliyempokea kondoo yule akamla ameshaikubali kazi, hana tena la kusema.

Barua yako ya kwanza ilipofika niliomba ruhusa. Mwalimu mkuu akasema yeye hana kipingamizi, ila nimwone mwenyekiti. Mwenyekiti akasema nimwone mwalimu mkuu. Nikazungushwa hivyo wiki mbili, huku kila mmoja akinilisha michembe, viazi vyao vikavu, na karanga. Mwishowe Mzee Masanja akanitazama usoni.

"Ng'walimu, mahindi ndiyo yanatoa mbelewele. Ukienda sasa, mbula itakaa na nani?"

"Mvua haikai na mtu, mzee. Inatoka ziwani."

"Ndiyo. Na wewe ndiye unayeiona ikitoka."

Nikaamua kutoroka. Asubuhi moja nikabeba mkoba wangu nikaenda kusimama barabarani. Lori la pamba likaja, na dereva, Mnyamwezi mmoja tuliyezoea kutaniana, akazima injini akashuka. Siku hiyo hakutania. "Nisamehe, mwalimu. Wazee wamenikataza, na mimi nimeoa hapa." Nikasema basi, miguu ninayo. Nilikuwa nimefika mtoni walipotokea wanawake kama thelathini na majembe yao, wakanizunguka. Hakuna aliyenigusa. Walipiga vigelegele, mmoja akauchukua mkoba wangu akajitwika, wakanirudisha nyumbani kwa nyimbo kama bwana harusi. Nililia njia nzima, na wao wakazidi kufurahi, wakisema machozi ya mtu wa mvua ni dalili njema. Sijawahi kuwa na hasira kama za siku ile, na sikuwa na wa kumkasirikia.

Sasa nifike pale ambapo sijawahi kukueleza. Mliponiuliza kwa nini niliacha urubani, niliwajibu kwamba ni masikio. Masikio yangu ni mazima. Nilikuwa narusha ndege ya mizigo kutoka Mwanza kwenda Tabora, mimi na fundi wangu Hamza, yule aliyekuja nyumbani sikukuu ya Idi, akacheza bao na baba mpaka baba akaanza kumwita mwanangu wa pili. Mbele yetu kulikuwa na wingu. Hamza akasema tulizunguke. Nikamwambia wingu hili nalijua, ni la kupita tu. Nililisoma vibaya, dada. Ndege ilianguka porini, na nilipopata fahamu Hamza alikuwa amekufa, mkanda ungali kiunoni. Jeshini hawakunifukuza. Mimi mwenyewe niliona siwezi tena kukaa kwenye kiti kile. Na kila baba anapouliza Hamza yuko wapi, nimekuwa nikiandika kwamba yuko safarini.

Basi nikafikiri, ukweli huu utanitoa. Nikaomba mkutano wa kijiji. Walijaa uwanja wa shule, hata wachimbaji walitoka mashimoni wakaja na vumbi lao. Nikawaeleza yote, Mzee Masanja akitafsiri kwa Kisukuma. Nikasema mimi si mtu wa mvua. Siku nilipotakiwa kulijua wingu kuliko siku zote nilikosea, na rafiki yangu akafa kwa sababu ya kiburi changu. Msinitegemee, niacheni nikamwone baba yangu. Nikaona wanaume wameinamisha vichwa, nikajua nimeshinda.

Akasimama Bibi Minza, mjane wa yule mtu wa mvua aliyekufa kabla sijafika. Alisema maneno machache akaketi. Uwanja mzima ukaguna, wengine wakaanza kujifuta machozi. Nikamuuliza Mzee Masanja bibi amesema nini.

"Amesema mume wake alifanya kazi hii mpaka uzee wake, na kila mwaka aliogopa kwamba mbula haijamjua," akanijibu taratibu. "Wewe imekujua. Imemchukua mwenzako, wewe ikakurudisha. Anauliza, tumtafute nani tena?"

Hivyo ndivyo nilivyojifungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe. Tangu siku ile hata watoto darasani hawathubutu kunitazama machoni. Nikiuliza saba mara nane, wananijibu wametazama chini.

Lakini habari za baba ziliwagusa, na hapa nakuomba usome kwa makini. Walikaa kikao bila mimi. Wakaamua kwamba si vizuri mtu wa mvua awe na baba mgonjwa mbali, kwa hiyo baba aletwe huku. Wageni watatu waliokukabidhi barua hii, Mzee Masanja akiwa mmoja wao, wamekuja kumchukua. Wana machela waliyoisuka wenyewe na blanketi mbili mpya, na wameuza mbuzi wapate tiketi za treni kutoka Shinyanga mpaka huko Kilosa. Wakirudi wanataka wapitie hospitali ya Kolandoto, madaktari wamwangalie. Nyumba yake imeshaezekwa, imetazamana na yangu. Hawana ubaya hata chembe, na hilo ndilo linaloniumiza. Wangekuwa wabaya ningejua la kufanya.

Usiwape. Baba hatafika Dodoma akiwa hai. Wala usimuulize mbele yao, maana namjua, atasema "nibebeni" ili anione. Wape chakula, wape mahali pa kulala, kisha waingize chumbani wamwone anavyopumua. Mzee Masanja naye ana baba mkongwe, humlisha uji kwa mkono wake. Labda akimwona baba yetu atarudi aseme, mwacheni mwalimu aende. Ni kwa sababu hiyo tu sikuwazuia kuja. Sina tumaini lingine.

Nisalimie shemeji, fundi cherehani asiyejua haraka ni kitu gani. Msalimie mjomba wa Kimamba, na shangazi anayeuza vitumbua stesheni, umwambie bado sijaoa na aache kunitafutia. Wabusu wanao, hasa yule wa mwisho ambaye sijamwona.

Na kama Mzee Masanja hatalegea, au kama siku za baba zimebaki chache, fanya jambo moja kwa niaba yangu. Nilitaka nije nilifanye mwenyewe, ndilo lililonitoa mpaka mtoni kwa miguu. Wageni wakiwa wamelala, mwinamie baba sikioni. Mwambie Hamza hayuko safarini. Mwambie alikufa, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Usimwache baba akakutane naye huko aendako bila kujua.

Mdogo wako,
Salehe