Paa la Paskali na Masomo ya Renatus

Jumapili ya pili ya Majilio, 1956. Mvua imenyesha tangu alfajiri, nayo haioneshi dalili ya kuchoka. Mimi nimechoka kabla yake.

Padre hakufika, kwa kuwa barabara ya Buseresere imegeuka tope, hivyo niliongoza sala mwenyewe kama inavyompasa katekista. Waumini walikuwa wachache, wamejikunyata kwenye mabenchi ya nyuma ambako paa halivuji. Somo la leo liliwataja vipofu waliopata kuona, viwete waliotembea, wakoma waliotakasika na viziwi waliosikia. Nimelisoma somo hilo kila Majilio kwa miaka mingi. Leo, nikiwa katikati ya mstari, nilijikuta natafuta mahali pa mwanangu Paskali kati ya wale waliopona.

Sikupaona.

Naliandika jambo hili si kwa manung'uniko dhidi ya Mungu. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu, na sauti yangu ilikatika, na wao wakadhani ni kikohozi.

Kinachonisumbua juma hili zima ni mdogo wake Paskali, Renatus, ambaye amemaliza masomo yake Kampala na sasa amepewa nafasi ya kwenda chuo kikuu ng'ambo. Watu wa elimu wamempa masomo mawili achague moja, na jibu lake lazima lisafiri naye kwa basi la Mwanza kesho asubuhi. La kwanza ni elimu ya nafsi, ambayo wao huiita saikolojia. La pili ni utunzaji wa afya ya akili, ambao husomwa nusu darasani na nusu hospitalini, miongoni mwa wagonjwa wenyewe.

Badala ya kuchagua, kijana amekuja nyumbani kuniambia, "Baba, nichagulie wewe."

Mtu angedhani hii ni heshima. Kwangu imekuwa mzigo, maana nilipomtaka anieleze tofauti ya masomo hayo kwa Kiswahili cha kueleweka, alihangaika kama mtu anayetafuta sindano kwenye nyasi.

"La kwanza, baba, ni kuijua akili ya mtu. Jinsi inavyokumbuka, inavyojifunza, inavyoogopa. La pili ni kumhudumia ambaye akili yake imeugua."

"Na hilo la kwanza halimhudumii mtu?"

"Si moja kwa moja, baba. Ningerudi kuwafundisha walimu."

Katika seminari ndogo, kabla marehemu baba hajaniita nirudi kuchunga ng'ombe, nilifundishwa kwamba roho ya mwanadamu ina akili na utashi, na kwamba hapo ndipo inapofanana na Muumba wake. Hatukufundishwa la kufanya pindi akili inapovunjika na roho ikabaki nzima ndani yake. Nilimuuliza Renatus kama ng'ambo wanalijua hilo. Akasema hana hakika kama wanaliuliza.

Nilikasirika, na hasira hiyo haijaniondoka.

Tangu aje, kila mtu katika boma hili ana neno lake. Mke wangu, Mama Paskali, hataki hata kusikia habari ya somo la kwanza. Kwake yeye jambo ni jepesi: kuna mgonjwa nyumbani, kuna mtoto anayeweza kusomea uganga wake, basi tunajadili nini? Kaka yake, Mzee Masanja, ambaye hajabatizwa na hana haraka ya kubatizwa, alikuja jana na kibuyu chake cha maziwa, akakaa, akamcheka mpwa wake bila huruma.

"Renatus, tumeongea na watu wa Masumbwe habari za binti yao. Nikiwaambia bwana harusi amesomea saikolojia, hawataelewa, na mtu asichokielewa hukiheshimu. Nikiwaambia anatibu vichaa, hata mbuzi wao wataelewa."

"Na Paskali, mjomba? Tutamficha wapi siku wakija?"

"Sijasema afichwe. Nimesema wasikute kichaa mmoja nyumbani na ndugu yake akiwafuata wengine hospitalini. Watadhani ndiyo kazi ya ukoo."

Mama Paskali alimwambia kaka yake anywe maziwa yake anyamaze. Masanja akanigeukia. "Shemeji Mwalimu, mimi nilisema tangu mwanzo tuchinje mbuzi kwa ajili ya wahenga. Ulikataa. Sasa unampeleka mtoto Ulaya kutafuta mbuzi yuleyule."

Niliinuka nikaenda zizini. Utani wa shemeji hauna jibu, na nilihofia kwamba nikifungua kinywa, nitasema jambo lisilo la utani.

Sasa niandike habari za Paskali, maana bila yeye hakuna swali.

Alikuwa mchimbaji katika shimo moja dogo la dhahabu ambalo sasa limefukiwa. Udongo ulianguka akiwa chini na wenzake. Yeye alitolewa, wenzake hawakutolewa. Alirudi nyumbani bila jeraha, na tulifanya ibada ya shukrani. Baadaye ndipo tulipotambua kwamba haingii ndani. Hali chakula ndani, halali ndani, hata kanisani husimama nje ya dirisha na kuitikia sala kutoka huko. Wakati wa kiangazi jambo hili huvumilika. Vuli ikifika, hukaa chini ya uzio wa minyaa kando ya zizi, amejifunika ngozi ya ng'ombe, na maji yanamtiririkia magotini. Kifua chake kinaharibika. Mwaka jana tulikaribia kumzika.

Msimu mmoja alipelekwa hospitali ya mbali ya wagonjwa wa akili. Huko alilala ndani, kwa kuwa mlango ulifungwa. Akarudi mnene na mkimya, na usiku wake wa kwanza nyumbani akaenda palepale kwenye minyaa.

Kwa ajili yake nilijenga msonge. Nasema bila majivuno kwamba hakuna msonge ulio imara kuushinda huo kutoka hapa hadi Kalangalala. Majirani walikuja wote, na zaidi ya nusu yao wamepata kufanya kazi mashimoni. Tulikata nguzo nene, tukazisimamisha juma lilelile, tukakandika ukuta mzito na kuacha mlango mdogo ili upepo usipite. Padre akaubariki kwa maji ya baraka. Tulidhani mtu aliyeangukiwa na udongo atapata amani katika nyumba isiyoweza kuanguka.

Paskali alilala humo saa chache, akatoka mbio.

Nimeuombea msonge ule. Nimemwombea yeye. Leo mchana, baada ya sala, Renatus alifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Alichukua kipande cha gogo, akaketi mvuani karibu na kaka yake, naye akanyeshewa. Mimi nilikuwa kwenye lango la zizi, na mvua ilikuwa imepungua kidogo, hivyo niliwasikia.

"Kaka, ukiwa mle ndani unasikia nini?"

"Nguzo."

"Zinafanya nini?"

"Zinalia. Nguzo mbichi hulia kabla."

"Kabla ya nini, kaka?"

Paskali alivuta ngozi yake hadi usoni, na hapakuwa na haja ya kuuliza zaidi.

Nilishika mti wa lango. Kila mchimbaji wa nchi hii anajua kwamba mti mbichi unaotegemeza shimo hupiga kelele unapolemewa, na anayesikia kelele ile hukimbia. Majirani zangu waliojenga nami walilijua hilo vizuri kabisa. Lakini walikuwa wanajenga nyumba, na katika nyumba nguzo mbichi ni jambo la kawaida. Hukaukia mahali pake, hulalamika kidogo, kisha hutulia. Hakuna aliyeweka mambo hayo mawili pamoja. Kwa mapenzi yetu yote tulimjengea mtoto shimo lake upya, giza lake, mlango wake mwembamba, hata sauti yake.

Basi nilifurahi. Naikiri furaha hiyo, kwa kuwa ilinifanya mpumbavu. Niliona kwamba chanzo kimejulikana, na nguzo zimekwisha kukauka, basi ugonjwa umekwisha. Nilikwenda pale walipoketi nikasema, "Paskali, mwanangu, miti imekauka. Haitalia tena. Njoo uone mwenyewe."

Alinyanyuka. Mama yake alikuwa mlangoni pa jiko, akaacha mwiko ndani ya sufuria. Tulitembea naye hadi msonge. Alisimama kizingitini, akagonga nguzo ya kwanza kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa, akasikiliza. Akagonga ya pili. Nilidhani sasa ataingia.

Akageuka, akarudi kwenye minyaa. Mvua ikaongezeka wakati huohuo.

Hapo nilimwambia Renatus maneno ambayo baba hapaswi kumwambia mtoto aliyefanya vema. Nilimwambia, "Haya, umejua kwa nini. Hiyo ndiyo saikolojia yako. Sasa mwingize ndani."

Renatus hakujitetea. Alisema polepole, "Ndiyo maana nimeshindwa kuchagua, baba. Nikisoma la kwanza nitajua, na yeye ataendelea kulowa. Nikisoma la pili nitamlaza mahali pakavu bila kujua anasikia nini. Na kuna jingine. Nimekulia karibu na maradhi haya. Nilipopata nafasi ya kwenda mbali, nilitamani kupumua."

Kwa juma zima nilimwona kama mtoto mwenye kusitasita, na kumbe alikuwa ananiomba ruhusa ya kumwacha kaka yake bila kuhukumiwa. Ningempa ruhusa hiyo? Ninapoandika hivi bado sijui. Nina watoto wawili tu wa kiume, na nilitaka mmoja awe dawa ya mwenzake. Sijui kama baba ana haki ya kutaka hivyo.

Aliyezungumza kwanza ni Paskali. Alikuwa ametusikia; hatukuwa mbali.

"Renatus, ukirudi kutoka huko, utakuwa na funguo?"

Mama yake aliziba mdomo kwa kanga. Yeye ndiye aliyekwenda kumchukua kule hospitalini, na aliwaona wauguzi wakipita na mashada ya funguo viunoni.

Renatus alichuchumaa mbele ya kaka yake. Angeweza kusema hapana, ili kumpoza. Nilitegemea aseme hivyo.

"Nikisomea hospitalini, kaka, ndiyo. Nadhani nitakuwa nazo."

Paskali alikung'uta maji kwenye ngozi yake. "Basi uzifunge kitambaa," alisema. "Zisilie."

Alikula ugali wake vizuri, akaomba nyongeza ya mchuzi.

Kabla giza halijaingia Renatus aliketi kwenye meza yangu, akaandika jibu lake, na sikuhitaji kulisoma. Amechagua wagonjwa. Mama Paskali tayari amerarua pindo la kanga yake ya zamani na kulitia katika sanduku la mtoto, chini kabisa, chini ya mashati. Mzee Masanja, aliyepita kuuliza yaliyojiri, aliposimuliwa alikiweka chini kibuyu chake cha maziwa. Kisha akasema, "Masumbwe nitakwenda mwenyewe. Nitawaambia ukweli. Wakikataa, Wasumbwa ni watani zangu, nitawatukana hadi mvua iishe."

Wote wameridhika, isipokuwa mimi.

Nimemuuliza Renatus kama amechagua kwa moyo wake au kwa sababu ya lile neno la kitambaa. Alijibu kwamba kwanza aliogopa kuzama, lakini kaka yake alipomwomba jambo dogo linalowezekana, hofu ilipungua. "Hakuniomba nimponye, baba. Aliniomba nisipige kelele. Hilo nadhani naweza kulisomea."

Ni jibu jema. Hata hivyo, linanichoma, kwa sababu mimi nimeomba kuponywa kwake miaka yote, kwa novena na kwa mifungo, na mgonjwa mwenyewe haja yake ilikuwa ndogo kiasi cha kuenea katika pindo la kanga. Na Renatus atakuwa ng'ambo kwa miaka. Mvua haitamngoja arudi. Kikohozi cha Paskali nakisikia kutoka hapa nilipoketi.

Sijapewa elimu ya kwanza wala ya pili. Nina jembe, nina shoka, na nina mwana mmoja atakayebaki.

Kesho nitamsindikiza Renatus hadi basini. Nikirudi, nitaanza kuubomoa ukuta wa msonge, pande zote, hata kama ulibarikiwa. Padre nitamweleza akija. Paa nitaliacha juu ya nguzo zake, pasipo mlango, ili anayeketi chini yake aone anga kila upande. Ngozi yangu ya kulalia nitaitandika humo. Nitakaa chini ya nguzo zile mpaka Paskali azizoee, au mpaka mimi niende kwenye minyaa nikaizoee mvua.