Asilimia Tano

Jumamosi, 8 Machi 2025

Hatimaye nimeweka tinti! Vioo vyote vya gari, vya pembeni na cha nyuma. Munir, fundi wa pale Voi, alinitolea vipande vinne, kila kimoja na namba yake: hamsini, thelathini na tano, ishirini, tano. Mimi nikajua tano ndiyo nyepesi. Akacheka. Kumbe namba ni asilimia ya mwanga unaopita. Akaweka mkono nyuma ya kipande cha hamsini, nikaona mpaka pete. Akauweka nyuma ya tano — mkono hakuna.

Nikasema hiyo hiyo.

Akanisihi nichukue thelathini na tano. Ati narudi Mwatate giza likiingia, barabarani kuna punda, kuna ndovu, tano itanitesa. Nikamwambia shida yangu ni jua. Akaniangalia hivi. "Dada, wataka kivuli ama wajificha?"

Nikacheka tu. Nikaenda kumletea soda dukani, nimerudi nayo ndipo nakumbuka amefunga Ramadhani. Aibu! Nikainywa mwenyewe nyuma ya duka.

Hapa naweza kusema ukweli. Si jua. Ni lifti. Tangu ninunue hiki kigari, kila asubuhi steji ya Mwatate ni mikono juu. Mama wa kwaya na gunia la makaa. Mwalimu na jogoo — jogoo aliyeninyea kiti! Na Dada Wakesho ndiye amezidi. Akipata nafasi yeye, anaita steji nzima: ingieni, ingieni, Daisy anaenda Voi! Na siwezi kumkatalia. Mama alipokufa, Dada aliacha shule darasa la saba ili mimi nisome. Humwambii mtu kama huyo kwamba gari limejaa.

Sasa hawatajua niko ndani au sipo. Munir amesema nisishushe vioo siku nne, gundi ikauke. Cha mbele hakukigusa, anaogopa polisi.

Nimependeza, lakini. Nimejiona kama mheshimiwa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefanya kitu kibaya.

Saa kumi na mbili na nusu, steji imefurika, matatu hakuna hata moja — msako wa polisi. Dada Wakesho alikuwa mbele ya watu wote, leso ya buluu, bahasha ya hospitali mkononi. Akaliona gari. Akainua mkono.

Nilikuwa na mkutano ofisini Voi saa mbili. Nikawahesabu waliokuwa nyuma yake: watano, na magunia. Nikajiambia, hanioni. Nikajiambia tena, Munir amekataza kushusha kioo. Nikakanyaga mafuta.

Kana kwamba mlango haufunguki!

Na mkutano wenyewe ulianza saa nne.

Jumatano, 12 Machi

Lewis, kijana wake Dada, amenipigia. Jumatatu ilikuwa kliniki ya macho, yule daktari anayekuja Voi mara moja kwa mwezi. Dada ana presha ya macho. Aliniambia tarehe hiyo wiki mbili nzima kabla, tukiwa kanisani, na nikaitikia ndiyo Dada, ndiyo Dada. Ikaniruka.

Alipata lori la mkonge saa nne na kitu. Kufika, daktari keshaondoka. Ameambiwa arudi Aprili. Na dawa ya matone imemwishia tangu wiki iliyopita.

Nikamuuliza Lewis, kwa sauti ya kawaida, kama mama yake alisema lolote kunihusu. Akasema: ndiyo, amefurahi kwamba ile sweta nyekundu aliyokufumia bado inakutosha.

Nilikuwa nimeivaa Jumatatu.

Ijumaa, 14 Machi

Siku mbili sina usingizi. Alionaje sweta? Tano ni tano!

Leo saa ya chakula nikamwomba Kaloki wa ofisini akae kwenye usukani wangu. Akauliza kuna nini, nikamwambia wewe kaa tu. Nikaenda hatua kumi mbele, nikasimama kando ya barabara, vilevile Dada alivyosimama steji, kana kwamba gari linanijia.

Nikamwona Kaloki mzima mzima. Vifungo vya shati. Kidole puani.

Kioo cha mbele, Daisy. Kioo cha mbele! Nimelipia kiza pande zote nikasahau kwamba mtu wa steji anakutazama ukija, hakutazami ukipita. Aliniona nikimwona. Aliona nikigeuza uso.

Mjinga mkubwa mimi. Na roho yangu nayo, sijui niiite nini.

Jumapili, 16 Machi

Nimepanda mlimani kwa Dada baada ya ibada. Amenikaribisha vizuri mno. Hilo ndilo limeniumiza. "Karibu mgeni." Kiti cha sebuleni, kile chenye kitambaa. Siku zote mimi hukaa jikoni kwenye kigoda, namenya viazi huku nikigombezwa.

Nilikuwa nimepanga kuomba msamaha. Badala yake mdomo wangu ukaanza habari za Munir, gundi, siku nne, vioo visishushwe. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha, taratibu: "Na mlango nao ulikatazwa?"

Akaenda kuleta chai.

Nilimnunulia matone. Akasema asante, Lewis ameshanunua, lakini akayaweka kabatini. Akamimina chai. Ikaenda nje ya kikombe, upande wa kushoto. Akapangusa, akamimina tena, ikamwagika palepale. Nikataka kumshika mkono, nikaogopa. Mimi, kumwogopa Dada! Aliyenisuka nywele mpaka nikafika kidato cha nne.

Neno samahani sijalitoa. Nimeshuka nalo.

Jumamosi, 22 Machi

Nimerudi kwa Munir. Nikamwambia atoe yote. Nilingoja anicheke, hakucheka, midomo imemkauka kwa saumu na bado amekwangua saa nzima juani. Gundi imebaki michirizi kwenye kioo cha abiria. Ati nisugue kidogo kidogo kila siku.

Nasugua. Haitoki.

Jumapili, 6 Aprili

Kanisani nimempata mlangoni. Nikasema. Samahani Dada, nilikuona, nikakupita makusudi. Hivyo hivyo, bila gundi wala Munir.

Akasema, "Najua." Akaniagiza niwasalimie watoto wa jirani yangu, mmoja mmoja kwa majina. Akaenda zake na Lewis, amemshika bega.

Jumatatu, 14 Aprili

Naandika nikiwa ndani ya gari, uwanja wa hospitali, Voi. Saa tano. Joto la kuchemsha yai.

Lewis ndiye aliyepanga nimlete. Alfajiri nilikuwa steji kabla yake, vioo vyote chini. Nikashuka, nikamfungulia mlango wa mbele. Akaupita. Akapapasa, akafungua wa nyuma, akakaa nyuma yangu. "Asante, dereva."

Steji ilikuwa na watu. Mama wa kwaya alikuwepo na gunia lake. Nikangoja Dada awaite. Nilitamani awaite! Jogoo na aje, makaa na yaje. Hakumwita mtu. Mimi mwenyewe nikamwita mama wa kwaya, akatazama nyuma, akamwona Dada alivyokaa, akasema atapata gari lingine.

Njia nzima nilimtazama kwenye kioo kidogo cha juu.

Kwa daktari niliingia naye. Jicho la kushoto limekwenda. Lilikuwa limebaki na kidogo, sasa halina. La kulia atalilinda kwa matone na asikose kliniki hata moja. Nikauliza, mwezi mmoja bila dawa ndio umefanya hivi? Daktari akasema hawezi kujua, ugonjwa ulikuwa na miaka. Dada akasema muulize mambo yanayosaidia, Daisy.

Daisy. Ndiyo mara ya kwanza leo.

Amenituma nikangoje garini, anachukua dawa dirishani, hataki kushikwa mkono. Nimevaa sweta nyekundu. Ndiyo, na joto hili. Walinzi wananitazama kama mwehu.

Anatoka sasa. Mkono mmoja ukutani, mwingine na mfuko wa dawa. Anakuja kutoka mbele ya gari, akifuata ubavu wa abiria. Ameinua uso, anatazama huku, kioo ni safi, bila shaka ananiona ninavyoandika. Mlango wa mbele wa abiria nimeuacha wazi kabisa. Uko upande wake wa kushoto. Sijui kama anauona, na nimekatazwa kumshika mkono. Naweka kalamu.