Ovaroli ya Mzungu wa Makochi

Mdantsane, Jumatatu

Dada Nomalizo,

Huku salama, ila upepo umeng'oa bati la jikoni, na mbwa wako amezaa tena.

Wiki ya tatu hii nimeacha kazi kwa yule Mzungu wa makochi. Nimefungua karakana yangu mwenyewe ya makochi, nyuma ya kanisa. Mama sijamwambia. Kila asubuhi navaa ovaroli yenye jina la Mzungu mgongoni, Mama ananifungashia mkate, naondoka. Situlii, Dada. Jana nilibanwa na haja, nikageuka kutafuta wa kumwomba ruhusa. Mteja akacheka, "Bosi, unamtafuta nani?"

Balaa lenyewe ni hili: Mama ameniona na funguo mpya, na sasa anapika pombe ya kushukuru. Bila shaka anadhani nimepandishwa cheo. Jumamosi nitasimama mbele ya zizi la ng'ombe, pale tunaposema na wafu wetu, majirani wakisikia, niwashukuru wazee wetu waliotangulia kwa kazi ile. Mama nimemdanganya, sawa. Marehemu baba nitamdanganyaje?

Alhamisi

Nimeshindwa. Asubuhi nilimfuata jikoni. "Mama, ile kazi..."

Hakuacha kukoroga. "Vua hiyo ovaroli niifue, uirudishe kwa mwenyewe."

"Kumbe unajua?"

"Umefungua nyuma ya kanisa, mwanangu. Kwani mimi nasali wapi?"

"Na pombe?"

"Ulidhani nampikia Mzungu?"

Ovaroli iko kambani, inachuruzika maji. Leo nimeshinda karakanani na shati langu mwenyewe, lakini mlango ukigongwa bado nasimama wima. Njoo Jumamosi, Dada, usimame karibu yangu.

Mdogo wako,
Mzoxolo