Neno Nililolisema Mbele ya Picha

Mwaro, usicheke kwanza. Posa yangu nusura izame hapa mtaani Barani.

Nimeenda kwa kina Ilham kumwamkia mamake tu, maana kesho wazee wangu ndio wanapeleka posa. Redioni wanabishana: rais mstaafu ashtakiwe kwa watu waliopotea wakati wake, ama asamehewe?

Nami na mdomo wangu huu! "Mwacheni mzee wa watu, mama. Yaliyopita si ndwele."

Ilham akanikanyaga mguu, akaangalia picha ukutani. Kumbe ni mjomba wake, Abdulqadir. Alichukuliwa wakati wa utawala ule, hajaonekana tena.

Nikataka kurekebisha. Nikasema, "Allah amrehemu."

Amrehemu, Mwaro!! Nimesema amrehemu!!

Mama akazima redio. "Nani kakwambia amekufa? Umemzika wewe?"

"Hapana, mama."

"Hata hitma hatujamsomea. Anayejua alipo ni huyo mzee wako wa watu. Sasa niambie, ashtakiwe, asishtakiwe?"

"Ashtakiwe, mama. Aulizwe."

Akanitazama weee. Nikajua basi, nimeachika kabla sijaoa.

Nikaaga. Nafika mlangoni, akaniita. "Wazee wako na waje. Lakini wafunze: wakiiona picha ile, waseme Mungu amrudishe."

Na babangu unamjua, Mwaro! Yule huwaombea rehema hata watu wa kwenye picha za kalenda. Nitamfunzaje kabla ya kesho?